Kiarabu cha Juba na Ndugu Yake wa Kibera

Thongpiny ni mtaa ulio jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Juba. Msafiri anayeshuka kutoka Nairobi, Entebbe au Addis Ababa hukutana nao kabla hajaujua mtaa mwingine: hoteli, ofisi za mashirika, magari meupe ya Umoja wa Mataifa yakiingia na kutoka kambini, wauza chai, na vijana wa bodaboda wanaogombea abiria. Jina la mtaa lina sauti ya lugha za Kiniloti. Neno piny hata Mjaluo wa Kisumu analifahamu, ni ardhi. Wenyeji wa asili wa Juba ni Wabari. Serikali inaandika barua zake kwa Kiingereza. Lakini kijana wa bodaboda atakuuliza, "Ita gi rua wen?" Swali hilo si Kidinka, si Kibari, si Kiingereza, na msomi wa Cairo hatakubali kwamba ni Kiarabu.

Maana yake ni "Unakwenda wapi?" na wasemaji wa lugha hiyo huiita Arabi Juba, Kiarabu cha Juba. Ndiyo lugha ya soko, ya kanisa, ya kambi ya jeshi na ya watoto wanaocheza mpira mtaani. Hakuna serikali hata moja, tangu ya Mturuki hadi ya leo, iliyowahi kuipa cheo. Kwa zaidi ya karne moja imeitwa Kiarabu kibovu, na walioiita hivyo walikuwa watu wasiopatana kwa jambo jingine lolote: Waingereza, wamisionari, maofisa wa Khartoum, na baadhi ya Wasudani Kusini wenyewe. Nataka kuieleza historia yake polepole, kwa sababu historia hiyo haiishii Juba. Inaingia Bombo, Kibera na Mombasa, na imeacha alama ndani ya Kiswahili chetu.

Inaanza na jeshi. Mwaka 1820 Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri chini ya Dola ya Uturuki, aliingiza majeshi yake Sudan. Alitaka dhahabu, na zaidi ya dhahabu alitaka watu wa kuwafanya askari. Vijana walikamatwa milima ya Nuba na kando ya Nile, wakafundishwa bunduki na kupangwa katika vikosi. Amri zilitolewa kwa Kituruki na Kiarabu. Askari wenyewe walitoka katika makabila ambayo hayakuwa na lugha moja ya kuongea. Khartoum ilianza kama kambi ya jeshi hilo.

Kusini mwa Khartoum mto uliwazuia kwa miaka mingi. Nile Nyeupe inapita katika kinamasi cha Sudd, bahari ya mafunjo ambamo mashua hupotea njia na kukwama. Ni Selim Kapudan, nahodha wa jeshi la Misri, aliyefanikiwa kupenya. Msafara wake wa pili ulifika Gondokoro, katika nchi ya Wabari, mwanzoni mwa mwaka 1841. Gondokoro iko ukingo wa mashariki, karibu na pale ilipo Juba ya leo. Mbele kidogo, upande wa Rejaf, mto unaanza kuwa na maporomoko na mashua haziwezi kupanda zaidi. Kwa hiyo kila aliyetoka kaskazini alilazimika kushuka hapo, na hapo ndipo biashara ikatia nanga.

Waliofuata walikuwa wafanyabiashara wa Khartoum, wakisaka pembe za ndovu na baadaye watumwa. Walijenga zeriba, yaani maboma ya miti na miiba, zikatapakaa kutoka nchi ya Wabari hadi Bahr el Ghazal. Mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Georg Schweinfurth, alipozipitia kati ya 1868 na 1871 alizikuta zimekuwa kama miji midogo, kila moja na bwana wake, askari wake, mashamba yake na mateka wake.

Hapa inafaa tusimame, maana ndani ya boma hilo ndimo lugha ilimozaliwa. Wachache waliokuja kutoka kaskazini, Wadongola na Washaigiya, walikuwa na Kiarabu cha Sudan. Wengi waliowazunguka hawakuwa nacho: Wabari, Wamoru, Wamakaraka, Wadinka, Wazande, wengine wameajiriwa, wengine wametekwa, wanawake wakichukuliwa kuwa wake, watoto wakilelewa kubeba bunduki. Mwanamke wa Kibari aliyeolewa na askari kutoka Nuba hakuwa na lugha ya kumwambia mumewe kwamba maji yamekwisha. Wote wawili waliokota maneno ya Kiarabu waliyoyasikia kwa wakubwa, wakayatamka kwa ndimi zao, wakayapanga kwa namna waliyoielewa. Watoto wao waliyasikia hayo, na kwao hayakuwa maneno ya kuokota tena. Yalikuwa lugha ya mama.

Tazama walivyoyatengeneza. Sauti za kooni za Kiarabu ziliachwa. Kha ikawa ka, ndiyo maana khawaja, jina la mgeni mzungu, Juba husemwa kawaja. Sh mara nyingi ikawa s, na shinu ya Wasudani wa kaskazini ikawa sunu: nini. Msururu mrefu wa vitenzi vya Kiarabu, ambamo kila nafsi ina umbo lake, ulitupwa wote. Mahali pake wakaweka vijineno vitatu mbele ya kitenzi kisichobadilika. Gi ni ya jambo linaloendelea, na asili yake ni gaid, "aliyeketi": ana gi rua, ninakwenda. Bi ni ya litakalokuja. Kan ni ya lililopita. Mswahili hapati shida kuuelewa mpango huo, kwa kuwa na yetu, ta yetu na li yetu zinafanya kazi ileile.

Kisha kuna jambo ambalo Kiarabu hakina kabisa, na kwangu ndilo ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba tunashughulika na lugha kamili. Neno katulu ni kuua. Ukilitamka kwa mkazo mwanzoni, kátulu, umesema mtu ameua. Ukihamisha mkazo hadi mwisho, katulú, umesema ameuawa. Vivyo hivyo ákulu ni kula na akulú ni kuliwa. Kauli ya kutendwa inabebwa na mkazo peke yake. Kanuni hiyo hawakufundishwa na mwalimu wala hawakuiiga kaskazini. Watu wanaodaiwa kukiharibu Kiarabu walibuni sarufi yao, nayo haikosei.

Mwaka 1871 Samuel Baker, Mwingereza aliyeajiriwa na mtawala wa Misri, alipandisha bendera Gondokoro na kuitangaza nchi hiyo kuwa mkoa, ulioitwa Ikweta. Charles Gordon aliyemfuata alihamishia makao Lado, kaskazini kidogo. Zeriba nyingi zikageuka vituo vya serikali, na askari wa wafanyabiashara wakawa askari wa mkoa. Gavana wa mwisho, tangu 1878, alikuwa daktari mzaliwa wa Silesia aliyejiita Emin Pasha. Alikuwa mtu wa kukusanya ndege na mimea, tena msikivu wa lugha, lakini hakuwa na bahati. Huko kaskazini Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi mwaka 1881, na Januari 1885 Khartoum ikaanguka. Mkoa wa Ikweta ukabaki kama kisiwa. Emin aliiacha Lado akarudi kusini hadi Wadelai, ndani ya Uganda ya sasa, akiwa na askari, wake zao, watoto wao na lugha yao.

Henry Morton Stanley alikuja kumwokoa, na wokovu wenyewe ulikuwa mchungu. Mwaka 1888 askari waliasi wakamfunga gavana wao kule Dufile. Aprili 1889 Stanley aliondoka naye, wakafika Bagamoyo Desemba mwaka huo, na usiku wa karamu ya kupokelewa Emin akaanguka dirishani akaumia vibaya. Vitabu vingi huishia hapo, kwa wazungu wawili pwani. Lakini kwa historia ya lugha yetu, watu wa maana ni walioachwa nyuma. Selim Bey, mmoja wa maofisa wa Emin, na askari waliobaki waliweka kambi Kavalli, karibu na Ziwa Albert, wakasubiri.

Mwaka 1891 Frederick Lugard, aliyeitumikia kampuni ya Waingereza, aliwafuata huko kwa sababu alihitaji askari wa kumsaidia kuitawala Buganda. Alipata askari mia kadhaa. Lakini hakuondoka na askari tu: waliambatana na wake, watoto, watumishi na wafuasi maelfu, watu waliowazidi wabeba bunduki kwa mbali sana. Aliyetaka jeshi alihamisha jamii nzima, na jamii hiyo ilisafiri na maneno yake. Hao ndio Wanubi. Jina hilo halimaanishi kwamba ni watu wa Nubia ya kale ya mapiramidi. Ni jina waliloitwa askari weusi wa Sudan, nao wakalikubali likawa lao.

Tangu hapo lugha ikagawanyika mikono miwili. Mmoja ulibaki kando ya Nile ukawa Kiarabu cha Juba. Mwingine ulikuja kwetu ukawa Kinubi.

Mkono wa kwetu ulipata taabu mapema. Mwaka 1897 askari Wanubi wa Uganda, waliochoshwa na safari zisizoisha na mshahara mdogo uliochelewa, waliasi. Maofisa wa Kiingereza waliuawa katika ngome ya Luba, Busoga, na vita vya kuwazima vilichukua miezi. Hata hivyo Waingereza hawakuweza kuwaacha. Kikosi cha King's African Rifles kilipoundwa mwaka 1902, Wanubi walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Wastaafu walipewa mahali pa kukaa: Bombo nchini Uganda, na msitu ulio kusini-magharibi mwa Nairobi, ambao mwaka 1918 ulitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Msitu kwa Kinubi ni kibra. Hilo ndilo jina la Kibera.

Ukikaa barazani na wazee wa Kibera utasikia kitu kinachomchanganya Mswahili kila siku. Bibi anamwambia mjukuu, "Jibu moyo." Mjukuu hajibu neno; anainuka, analeta maji. Jibu ni lete, moyo ni maji. Jua nalo si lile la mbinguni, ni nyumba, kutoka juwwa ya Kiarabu, "ndani". Na mtu akisema sokol amesema kitu, chochote kile, neno lililotoka katika shughul, ndugu wa shughuli yetu. Mtaalamu wa Kijerumani Bernd Heine alikuja kuyaandika hayo na mwaka 1982 akachapisha kitabu kizima juu ya Kinubi cha Kibera. Baadaye Xavier Luffin aliandika juu ya Kinubi cha Mombasa na Ineke Wellens juu ya kile cha Uganda. Walichokikuta kilishangaza: watu waliotengana na Juba kwa takriban miaka mia walikuwa bado na gi, na bi, na kan, na ile kanuni ya mkazo inayogeuza kuua kuwa kuuawa. Maana yake lugha ilikuwa imeshakomaa kabla ya Lugard kufika Kavalli.

Kinubi kilitunza pia maneno ya Kibari. Kulima ni kuruju. Ghala la nafaka ni gugu. Hayo ni maneno ya shamba na ya uani, nayo yanatueleza ni nani aliyekuwa analima na kupika ndani ya kambi huku wanaume wakihesabiwa kwenye gwaride. Orodha za jeshi haziwataji wanawake wa Kibari kwa majina, ila mjukuu wao wa kizazi cha tano, aliyezaliwa Nairobi na asiyeijua Nile, bado analima kwa neno lao.

Kiswahili nacho kilichukua fungu lake. Hermann von Wissmann alipotumwa na Ujerumani mwaka 1889 kupambana na Bushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani, huko Pangani na Bagamoyo, aliajiri mjini Cairo Wasudani wapatao 600 waliokuwa wametumikia jeshi la Misri. Walikuja na vyeo vyao vya Kituruki: ombasha, ambaye asili yake ni mkuu wa watu kumi, shaushi, sajenti, na efendi. Ombasha na shaushi wamekwisha kusahauliwa isipokuwa katika hadithi za wazee wa vita ya kwanza ya dunia. Efendi amedumu. Kila polisi wa Dar es Salaam au Nairobi anayeitwa afande leo anaitwa kwa neno lililopita mikono ya Waturuki, Wamisri na Wasudani kabla ya kufika kwetu.

Turudi mtoni. Baada ya kifo cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1909, eneo la Lado alilokuwa amelishika lilirudi Sudan, chini ya Waingereza waliotawala kwa jina lao na la Misri. Mwaka 1917 waliwaondoa askari Waislamu wa kaskazini katika mkoa wa Mongalla, wakawaweka askari wa kusini wa kikosi kipya cha Ikweta. Nia ilikuwa kukiondoa Kiarabu pamoja na Uislamu. Lakini askari hao wapya walitoka makabila mengi, na walipotaka kuelewana waliongea kilekile cha babu zao wa zeriba. Maofisa wa Kiingereza wakalazimika kujifunza. Walikiita Kimongalla, au Kiarabu cha mabimbashi, kwa cheo chao wenyewe, na kwa kawaida walikitaja kwa dharau.

Aprili 1928 wakakutana Rejaf, mwendo mfupi kutoka Juba, maofisa na wamisionari wa Sudan, Uganda na Kongo, pamoja na mtaalamu wa lugha za Kiafrika Diedrich Westermann, kuamua shule za kusini zifundishe kwa lugha gani. Walichagua tisa: Kibari, Kidinka, Kikreish, Kilatuko, Kimoru, Kindogo, Kinuer, Kishiluk na Kizande. Uamuzi huo ulizipa lugha hizo vitabu na herufi, na hilo ni jema lisilopaswa kudharauliwa. Lakini lugha pekee iliyounganisha wenye lugha hizo tisa haikupewa nafasi darasani. Januari 1930 Harold MacMichael, katibu mkuu wa serikali ya Sudan, akatoa waraka wa sera ya kusini: ofisa ajifunze lugha ya wenyeji, na pale isipowezekana kitumike Kiingereza, Kiarabu kiepukwe. Kule magharibi mwa Bahr el Ghazal hata majina na mavazi ya Kiarabu yalipigwa vita.

Wakati huohuo Juba yenyewe ilikuwa inajengwa kuchukua nafasi ya Mongalla kama makao ya mkoa, na watu waliokuja kuijenga waliipa mitaa majina kwa lugha iliyokatazwa. Mtaa ni hai. Hai Malakia ni makao ya raia na askari wastaafu, wale ambao si wa jeshi tena. Hai Jalaba ni mtaa wa wafanyabiashara wa kaskazini. Buluk lilikuwa neno la Kituruki la kikosi cha askari. Kubri, katika Kubri Haboba, ni daraja, nalo ni la Kituruki pia. Haboba ni bibi. Atlabara husikika masikioni mwa wasemaji kama amri: toka nje. Mlima wa Juba unaitwa Jebel Kujur, na kujur ni mganga mwenye mizimu. Anayetaka kujua nani walipita Juba na walifanya nini hana haja ya kuanzia maktaba. Apande bodaboda Thongpiny, aelekee Buluk, ashuke Malakia.

Baada ya uhuru wa Sudan mwaka 1956 fimbo iligeuzwa. Serikali ya Jenerali Ibrahim Abboud, iliyotwaa madaraka mwaka 1958, ilitaka kusini nzima isome kwa Kiarabu, na Kiarabu chenyewe kiwe kile cha vitabu. Mwaka 1960 siku ya mapumziko ilihamishwa kutoka Jumapili hadi Ijumaa, wanafunzi wakagoma. Mwaka 1964 wamisionari wa kigeni walifukuzwa. Mtoto wa Juba aliyeingia darasani na Kiarabu chake alichekwa kwamba hajui Kiarabu. Baba yake alikuwa amechekwa na Waingereza kwa sababu anakijua. Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 ulisimamisha vita vya kwanza kati ya kaskazini na kusini, ukakiacha Kiarabu rasmi kwa nchi nzima na Kiingereza kuwa lugha kuu ya kusini. Lugha ya mitaani haikutajwa.

Miaka hiyo ya amani, hata hivyo, ilileta wasomi wachache waliokaa chini na kusikiliza. Mwaka 1975 Abdon Agaw Jok Nhial alilinganisha Kinubi na Kiarabu cha Juba. Ushari Mahmud alichapisha utafiti juu ya kuenea kwake mwaka 1983. Mwaka 1985, vita vipya vikiwa vimeshaanza, Ian Smith na Morris Ama walitoa kamusi mjini Juba. Kamusi ya lugha isiyo na shule, iliyotolewa katika mji ulioelekea kuzingirwa: mimi naihesabu kuwa kazi ya ujasiri.

Vita vya 1983 hadi 2005 viliieneza lugha hiyo kuliko sera yoyote. Wapiganaji wa SPLA, jeshi la ukombozi la kusini, walitoka Bor, Torit, Yei, Bentiu na milima ya Nuba. Lugha waliyokutania mazoezini ilikuwa hiyohiyo. John Garang, kiongozi wao, aliyesoma Marekani na kukimudu Kiingereza vizuri, alipotaka kuchekesha na kushawishi umati aliingia Kiarabu cha Juba. Ni jambo zito ukilifikiri: watu waliopigana na serikali iliyowalazimisha Kiarabu walipanga vita vyao kwa Kiarabu. Lakini hawakuona mgongano, kwa sababu hicho hakikuwa cha Khartoum. Kilikuwa chao.

Amani ilipokuja 2005, wakimbizi wakarudi kutoka pande zote. Waliotoka Khartoum walirudi na Kiarabu cha kaskazini. Waliotoka Kakuma, ambayo ilifunguliwa Turkana mwaka 1992, na waliotoka Uganda, walirudi na Kiswahili na Kiingereza. Waliokuwa Kongo walileta pondu, majani ya muhogo, jina na mboga kwa pamoja. Lugha ilipokea yote. Bodaboda na chapati ziliingia zikakaa kando ya nyerkuk, neno la zamani la Kibari la watoto wadogo, na kapaparat, kipepeo. Redio ya Umoja wa Mataifa iliyoanza mwaka 2006 ikajiita Miraya, kioo, ikatangaza kwa Kiingereza na kwa Kiarabu cha Juba, maana habari ya kipindupindu au ya kura haiwezi kusubiri watu wajifunze lugha ya ofisini.

Tarehe 9 Julai 2011 Sudan Kusini ikawa nchi. Katiba ya mpito inasema lugha zote za asili za nchi ni lugha za taifa na ziheshimiwe na kuendelezwa. Kiingereza ni lugha rasmi ya kazi. Kiarabu, ambacho katika katiba ya muda ya 2005 kilikuwa rasmi pamoja na Kiingereza, hakimo tena, na Kiarabu cha Juba hakitajwi kuwa cha asili wala cha kigeni.

Mwaka uliofuata lugha hiyo isiyotajwa ilisimama London. Ukumbi wa Globe ulialika tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, na Mei 2012 kikundi cha Sudan Kusini kiliigiza Cymbeline, kwa tafsiri ya Joseph Abuk, kwa Kiarabu cha Juba. Hadithi ya nchi ndogo inayokataa kulipa kodi kwa dola kubwa iliwafaa watu ambao uhuru wao haukuwa hata na mwaka mmoja. Walioingia jukwaani siku ile walitoka makabila tofauti, na lugha hiyo moja iliwatosha wote.

Kisha ikaja Desemba 2013. Mapigano yaliyoanza usiku wa tarehe 15 kati ya askari wa ikulu yaligeuka mauaji ya Wanuer mitaani. Human Rights Watch, na tume ya Umoja wa Afrika iliyoongozwa na Olusegun Obasanjo, zilikusanya ushahidi wa watu walioulizwa kabila lao kabla ya risasi. Wengine walipimwa kwa lugha. Maelfu walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa hapo Thongpiny, wakaishi kwenye matope na kipindupindu hadi eneo lao lilipofungwa mwishoni mwa 2014 na wao kuhamishiwa upande mwingine wa mji. Sisemi kwamba lugha ya pamoja inazuia vita. Rwanda ilikuwa na lugha moja na haikuokoka. Ila ulimi wa kabila ulipogeuzwa kuwa kipimo cha kuishi au kufa, Kiarabu cha Juba hakikuweza kutumika hivyo, kwa sababu hakuna kabila linaloweza kukidai peke yake.

Mkataba wa amani wa Septemba 2018 umeagiza katiba ya kudumu iandikwe. Watakaoiandika waongeze Kiarabu cha Juba kwa jina lake miongoni mwa lugha za asili. Kimezaliwa Sudan Kusini, hakijazaliwa kwingine, na hakuna lugha nyingine ya nchi hiyo inayoeleweka na watu wa makabila mengi kiasi hicho. Na sisi huku kusini tuna kazi yetu. Juni 2017 serikali ya Kenya iliwapa Wanubi hatimiliki ya ekari 288 za Kibera, baada ya karne nzima ya kuomba. Ardhi imeandikwa, maneno bado. Wazee wanaosema kuruju na gugu ni wachache, na wajukuu wao wamehamia Kiswahili na Sheng. Msomaji mwenye bibi Kibera, Bombo, Eldama Ravine au Mazeras, chukua simu yako, bonyeza kurekodi, na umwombe akuhesabie majina ya vyombo vyake vya jikoni.